Fomu 8881: Kudai nafuu ya kodi kwa mpango wa kustaafu wa wafanyakazi wako kwa kutumia programu ya kodi

Programu ya kodi haijui kwamba umefungua mpango wa kustaafu kwa wafanyakazi wako. Pengine haitakuuliza kabisa, au itakuuliza kwa swali moja lililofichwa ndani ya menyu ya biashara. Ukilipita swali hilo, IRS, idara ya kodi ya Marekani, haitakuandikia barua kukukumbusha kwamba kulikuwa na maelfu ya dola zako mezani. Lazima uende ukazitafute mwenyewe.

Mwongozo huu ni wa mwenye biashara ndogo aliyeko Marekani: mwenye wakala wa kuhudumia wazee majumbani, kampuni ya malori, mgahawa, saluni, kituo cha kulea watoto. Wengi wetu tumeingia kwenye mambo ya 401(k), mpango wa akiba ya uzeeni kupitia kazini, kwa kusukumwa. Majimbo yana mipango yao ya akiba: California ina CalSavers, Illinois ina Secure Choice, Oregon ina OregonSaves, na mwajiri asiye na mpango wake huandikiwa barua ya kutakiwa ajisajili. Maryland imechagua kubembeleza: ukiwa na mpango unaokubalika, unasamehewa ada ya dola 300 ya ritani (fomu inayowasilishwa serikalini) ya mwaka ya kampuni. Lakini kujisajili kwenye mpango wa jimbo hakukupi nafuu ninayoizungumzia hapa. Nafuu hii ni ya serikali kuu, na inampata aliyefungua mpango wake mwenyewe: SEP (anachangia mwajiri peke yake), SIMPLE IRA (mpango mwepesi wa biashara ndogo), 401(k) au pensheni ya aina nyingine inayotambuliwa.

Tuelewane pia kuhusu nafuu na makato, maana programu huviweka karibu karibu na watu huvichanganya. Makato hupunguza mapato yanayotozwa kodi. Nafuu hukatwa kwenye kodi yenyewe. Makato ya dola 1,000 humwokolea mtu wa kiwango cha asilimia 22 dola 220 tu. Nafuu ya dola 1,000 humwokolea dola 1,000 zote.

Kinachodaiwa

Sheria iitwayo SECURE, iliyotiwa saini Desemba 2019, ilipandisha nafuu ya zamani ya dola 500 hadi dola 5,000 kwa mwaka. SECURE 2.0 ya Desemba 2022 ikaongeza mengine, na hayo yalianza kutumika mwaka wa kodi wa 2023. Kwa sasa kwenye Fomu 8881 unaweza kudai mambo haya:

Gharama za kuanzisha na kuendesha mpango, kwa miaka 3. Ukiwa na wafanyakazi 50 au pungufu, unarudishiwa asilimia 100 ya gharama. Wakiwa 51 hadi 100, asilimia 50. Kuna kikomo: dola 250 kwa kila mfanyakazi wa kawaida (maana yake naieleza hapa chini) anayestahili kuingia kwenye mpango, isipungue dola 500 wala kuzidi dola 5,000 kwa mwaka.

Mchango wako wa mwajiri, kwa miaka 5. Hadi dola 1,000 kwa kila mfanyakazi ambaye mshahara wake hauzidi dola 100,000 (kiwango hicho hupandishwa kufuata mfumuko wa bei). Mwaka wa kwanza na wa pili unahesabiwa mchango wote, mwaka wa tatu asilimia 75, wa nne 50, wa tano 25. Ukizidi wafanyakazi 50, asilimia hizo hupungua kwa pointi 2 kwa kila kichwa kilichozidi. Fedha ambazo mfanyakazi anakatwa kwenye mshahara wake mwenyewe hazihesabiki hapa, na pensheni ya mtindo wa zamani, ile inayoahidi kiasi maalumu kila mwezi, haimo.

Kuandikisha wafanyakazi moja kwa moja, yaani mfanyakazi anaingizwa kwenye mpango bila kuomba mpaka mwenyewe akatae: dola 500 kwa mwaka kwa miaka 3. Hii haihitaji risiti ya gharama yoyote. Na kwa mipango mipya ya 401(k) si hiari tena: iliyofunguliwa tarehe 29 Desemba 2022 au baada yake inalazimika kuandikisha moja kwa moja kuanzia mwaka wa 2025, isipokuwa biashara yenye wafanyakazi 10 au pungufu au isiyotimiza miaka 3. Kwa hiyo kama sheria inakulazimisha, chukua dola 500 zako bila haya.

Ya mwisho ni ya waajiri wenye wafanyakazi ambao waume au wake zao ni wanajeshi: dola 200 kwa kila mmoja anayeshiriki, na hadi dola 300 nyingine kwa mchango wako kwake, kwa miaka 3. Kama uko karibu na kambi za Killeen, Fayetteville au San Diego, waulize wafanyakazi wako. Kwingine wengi hawataihitaji nafuu hii.

Hatua ya kwanza: hesabu vichwa kabla hujawasha kompyuta

Hapa ndipo madai mengi yanapoanguka, na hakuna programu itakayokuokoa, kwa sababu inaamini namba unazoiandikia.

Hesabu wafanyakazi waliolipwa angalau dola 5,000 mwaka uliotangulia. Wawe 100 au pungufu. Wa muda nao wamo, ilimradi wamefikisha kiasi hicho. Madereva unaowapa 1099 (fomu ya malipo ya mkandarasi) hawamo, ikiwa kweli ni wakandarasi na si wafanyakazi uliowavisha joho la ukandarasi. Ukiwa na biashara mbili, tuseme wakala wa huduma na kampuni ya usafi, na zote ni zako, wafanyakazi wote wanahesabiwa pamoja.

Pili, lazima awepo angalau mfanyakazi mmoja wa kawaida ndani ya mpango. Kwa macho ya IRS, asiye wa kawaida ni yule anayemiliki zaidi ya asilimia 5 ya biashara mwaka huu au mwaka uliopita, au aliyelipwa zaidi ya kiwango kilichowekwa mwaka uliotangulia. Kwa mpango wa mwaka 2025 kiwango hicho ni dola 155,000 alizolipwa 2024. Kwa 2026 ni dola 160,000 alizolipwa 2025.

Sasa sikiliza vizuri, maana biashara zetu nyingi ni za familia. Mke au mume wa mwenye biashara, watoto wake, wazazi wake, na babu na bibi zake wanahesabiwa kana kwamba wanamiliki hisa zake. Kijana wako anayelipwa dola 18 kwa saa akipokea simu ofisini, kisheria si mfanyakazi wa kawaida, ni mtu wa hadhi ya juu. Kampuni ya baba, mama na watoto wao wawili haina mfanyakazi wa kawaida hata mmoja, basi haipati nafuu ya gharama wala ya mchango. Kaka, dada, shemeji na binamu hawaingii kwenye kanuni hiyo ya kurithishana hisa. Mwenye kampuni anayemwajiri mdogo wake anaweza kustahili, na anayemwajiri binti yake peke yake hastahili. Ndivyo sheria ilivyo, hata ukiiona ya ajabu.

Tatu, katika miaka 3 ya kodi kabla ya mwaka wa kwanza wa nafuu, wafanyakazi hao hao kwa sehemu kubwa wasiwe walikuwa wakipata michango kwenye mpango mwingine wako. Uliyekuwa ukiwachangia wafanyakazi kwenye SEP mwaka jana, ukaifunga ili ufungue 401(k) mwaka huu, mlango huo umefungwa. Kufungua kampuni mpya kwa jina jipya na wafanyakazi wale wale hakusaidii.

Hatua ya pili: karatasi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tengeneza faili moja la mwaka, uweke:

- hati ya kuanzisha mpango, yenye tarehe ya kuanza kutumika;
- ankara za kampuni inayoendesha mpango: ada ya kuanzisha, ada ya mwezi, ada ya kila mfanyakazi, malipo ya kuwaelimisha wafanyakazi;
- ripoti ya mishahara ya mwaka mzima kutoka Gusto, ADP, Paychex, QuickBooks au popote unapolipia watu;
- nakala za W-2, fomu za mshahara wa mwaka wa kila mfanyakazi;
- jedwali la michango ya mwajiri kwa kila mtu, lisilochanganywa na makato ya mfanyakazi mwenyewe.

Ankara zikague mstari kwa mstari. Baadhi ya kampuni za 401(k) hukata ada kutoka kwenye akaunti za wafanyakazi badala ya kumtoza mwajiri. Ada hiyo hukuilipa wewe, kwa hiyo huwezi kuidai. Kama bado hujasaini mkataba, hapa pana sababu nzuri ya kuomba ada zote zije kwenye biashara: katika miaka 3 ya mwanzo huenda serikali ikazirudisha zote, na akiba ya wafanyakazi ikabaki salama.

Kwenye W-2 tazama kisanduku cha 3, mshahara wa Social Security. Kile cha 1 kimeshatolewa kiasi ambacho mfanyakazi aliweka kwenye 401(k) yake, kwa hiyo kitakudanganya unapopima nani yuko chini ya kiwango cha mshahara.

Hatua ya tatu: piga hesabu kwenye karatasi kwanza

Usianze na programu. Anza na kalamu, ili programu ikitoa jibu ujue kama ni la kweli.

Tuchukue wakala wa huduma za majumbani huko Minnesota, umesajiliwa kama S corporation (kampuni ambayo kodi ya mapato yake hulipwa na wenye hisa), una miaka 6 na watu 12: mwenyewe, mkewe, mwanawe, na wafanyakazi 9 wasio ndugu. Wamefungua 401(k) ambayo mwajiri anamwekea kila mtu asilimia 3 ya mshahara, awe amejiwekea mwenyewe au la. Ada walizolipa mwaka wa kwanza ni dola 2,600.

Gharama: vichwa vya kawaida ni 9, mara dola 250, ni dola 2,250. Ingawa wametumia 2,600, nafuu inaishia 2,250.

Mchango: wafanyakazi 5 wanapata dola 38,000 kila mmoja, asilimia 3 ni dola 1,140, lakini kikomo ni 1,000, basi dola 5,000 kwa wote watano. Wengine 4 wanapata dola 24,000; asilimia 3 ni dola 720, jumla 2,880. Mwaka wa kwanza ni asilimia 100, kwa hiyo nafuu ni dola 7,880. Michango ya familia nimeiweka kando ili hesabu isomeke.

Kuandikisha moja kwa moja: dola 500.

Jumla ni dola 10,630, mwaka wa kwanza peke yake. Ukitazama utaona kwamba pesa kubwa imo kwenye mchango, wala si kwenye ada, lakini watu wengi wanaijua ile ya ada tu kwa sababu ndiyo kongwe. Mtu akikwambia "mimi nilishadai, nilipata dola 1,500", muulize kama alijaza na sehemu ya michango.

Hatua ya nne: chagua programu inayofaa aina ya biashara yako

TurboTax, H&R Block na TaxAct zote hutenganisha ritani ya mtu binafsi na ritani ya kampuni. Ni bidhaa mbili zenye bei mbili.

Biashara ya mtu mmoja, au LLC (kampuni yenye dhima yenye mipaka) yenye mwenyewe mmoja ambayo haijachagua kutozwa kama kampuni, inajazwa kwenye Schedule C, fomu ya faida na hasara ya biashara, ndani ya 1040, ritani ya mtu binafsi. Hapo programu ya mtu binafsi inatosha, toleo la waliojiajiri. LLC ya washirika wawili au zaidi hujaza 1065, S corporation hujaza 1120-S, na kampuni ya kawaida hujaza 1120. Hizi zinahitaji toleo la biashara. Kwenye TurboTax, kwa mfano, ile iitwayo Home & Business licha ya jina lake haitengenezi 1120-S; inayohitajika ni ile iitwayo Business.

Kabla hujalipa, fungua orodha ya fomu zinazokubaliwa na programu hiyo, utafute 8881 na 3800 (fomu inayokusanya nafuu zote za biashara). Zikikosekana, nenda kwingine. Programu za bei ya chini huwa nzuri sana kwa mshahara wa W-2, ila fomu za biashara zisizo za kawaida ndizo huachwa nje.

Mimi napendelea toleo la kusakinisha kwenye kompyuta kuliko la mtandaoni kwa kazi hii. La kompyuta hukuruhusu kuacha maswali na kuifungua fomu yenyewe, ukaona kila mstari kama ulivyo kwenye karatasi ya IRS. La mtandaoni hukuongoza kwa maswali tu, na hujui kinachoandikwa nyuma hadi uichapishe.

Hatua ya tano: ifikie fomu

Maliza kwanza mapato na matumizi yote ya biashara. Kisha nenda kwenye kisanduku cha kutafutia, uandike 8881. Angalia namba vizuri: ipo pia Fomu 8880, nayo ni nafuu ya mtu binafsi wa kipato cha chini anayejiwekea akiba ya uzeeni. Programu hupenda kukupeleka huko kwa sababu ndiyo inayotafutwa na wengi. Kama skrini inakuuliza umejiwekea kiasi gani kwenye IRA yako (akaunti yako binafsi ya uzeeni), umepotea njia, rudi.

Utafutaji usipokuletea kitu, pitia sehemu ya nafuu za biashara, utafute maneno ya kuanzisha pensheni kwa mwajiri mdogo. Kwenye toleo la kompyuta, fungua orodha ya fomu na uiongeze 8881 mwenyewe.

Fomu ina sehemu tatu. Ya kwanza ni gharama na michango, ya pili ni kuandikisha moja kwa moja, ya tatu ni wenza wa wanajeshi. Ingiza namba ulizopata kwenye karatasi yako. Mambo ya kuangalia unapojaza:

Idadi ya wafanyakazi inayoamua kama unapata asilimia 100 au 50 ni ya mwaka uliotangulia, waliolipwa dola 5,000 au zaidi. Idadi ya kuzidisha na dola 250 ni nyingine kabisa: ni wafanyakazi wa kawaida wanaostahili kuingia kwenye mpango, hata kama wamekataa kujiwekea. Kama mpango wako unataka mtu awe na miaka 21 na ametimiza mwaka kazini, wapya hawahesabiki mpaka watimize.

Ukiulizwa mwaka wa kwanza wa nafuu, una hiari kwenye ile ya gharama: mwaka ambao mpango ulianza kutumika, au mwaka uliotangulia. Hiari hiyo humfaa aliyelipa ada ya kuanzisha mwezi wa Novemba kwa mpango unaoanza Januari 1. Lakini fikiri kwanza. Miaka ni 3 tu, na kama mwaka ule uliotangulia ulilipa dola 400, umeuchoma mwaka mzima kwa dola 400.

Kama programu yako ina kisanduku kimoja tu cha kuingiza michango yote, kumbuka kwamba kikomo cha dola 1,000 ni cha mtu mmoja mmoja. Ukiandika 8,580, ambayo ni jumla ya michango ya wale 9 kwenye mfano wetu, na programu isipokata, utakuwa umedai zaidi ya haki yako. Piga hesabu ya mtu mmoja mmoja pembeni, uingize jumla iliyokwisha kukatwa, na uihifadhi hiyo hesabu kwenye faili.

Hatua ya sita: punguza makato yako

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Sheria hairuhusu kula mara mbili: kiasi ulichodai kama nafuu huwezi tena kukitoa kama gharama ya biashara. Baadhi ya programu hupunguza zenyewe, nyingine zinakuachia wewe, na chache hupunguza ada zikasahau michango. Kagua.

Kwa wakala wetu wa Minnesota: ada 2,600, nafuu 2,250, zinabaki dola 350 za kutolewa kama gharama. Michango ya wale 9 ni 8,580, nafuu 7,880, zinabaki dola 700. Zile dola 500 za kuandikisha hazipunguzi chochote, kwa kuwa hazikutokana na gharama.

Michango utaikuta mstari wa 17 wa 1120-S, mstari wa 18 wa 1065, au mstari wa 19 wa Schedule C. Ada za kuendesha mpango huenda umeziweka kwenye gharama nyinginezo au malipo ya wataalamu. Huko ndiko uende ukazipunguze. Andika karatasi fupi inayoonyesha namba ya zamani, nafuu, na namba mpya. Mkaguzi akija miaka miwili baadaye, hutakumbuka.

Hatua ya saba: ifuatilie nafuu mpaka ifike

Kwa mwenye Schedule C, Fomu 8881 inapeleka jumla zake kwenye Fomu 3800, ambayo hukusanya nafuu zote za biashara. Sehemu ya kwanza ya 8881 huingia mstari wa 1j wa Sehemu ya III, na zile nyingine mbili zina mistari yake. Kutoka 3800 nafuu inaingia Schedule 3, kisha 1040. Fungua kila moja uone namba imefika. Kama 8881 ina 10,630 na 3800 ina sifuri, kuna kisanduku hukukijaza.

Kwa S corporation na ushirika, kampuni yenyewe hailipi kodi ya mapato, basi nafuu inagawiwa kwa wenyewe kupitia K-1, karatasi inayoonyesha fungu la kila mmoja: kisanduku cha 13 kwa 1120-S, kisanduku cha 15 kwa 1065. Sasa unafungua programu ya pili, ya ritani yako binafsi, na kuingiza K-1. Wengi huandika mapato ya kisanduku cha 1 wakaridhika. Teremka chini mpaka kwenye nafuu, uchague msimbo ule ule ulioandikwa kwenye K-1, na usome ukurasa wa maelezo uliofuatana nayo. Kama nafuu yako yote inatoka kwenye K-1, huhitaji kujaza 8881 tena kwenye ritani yako binafsi. Inakwenda moja kwa moja Fomu 3800. Programu ikikulazimisha kujaza 8881 ya pili, kuwa mwangalifu usije ukadai mara mbili.

Mshirika ambaye ametoa mtaji tu na hafanyi kazi kwenye biashara atakutana na Fomu 8582-CR, inayowawekea kikomo wasioshiriki kazi, na huenda asiweze kuitumia nafuu mwaka huo.

Nafuu ikizidi kodi

Nafuu hii hairudishwi taslimu. Inapunguza kodi ya mapato mpaka kikomo fulani, basi. Na haigusi kodi ya waliojiajiri, ile ya asilimia 15.3. Mwenye Schedule C anayepata dola 45,000 na ana watoto watatu huenda kodi yake ya mapato ni ndogo sana huku kodi ya kujiajiri ikiwa kubwa, akashangaa kuona nafuu ya dola 6,000 imefanya kazi ya dola 900. Haijapotea. Kinachobaki kinarudishwa nyuma mwaka 1, kisha kinapelekwa mbele hadi miaka 20. Ila kumbuka kwamba ukibadilisha programu mwaka ujao, programu mpya haitakijua kiasi hicho usipoiandikia. Chapisha Fomu 3800 ya kila mwaka.

Tarehe, na waliosahau

Ritani za 1065 na 1120-S ni Machi 15. 1040 na 1120 ni Aprili 15. Nyongeza ya miezi 6 huombwa kwa Fomu 7004 kwa kampuni na 4868 kwa mtu binafsi, na programu zote huzituma kwa dakika chache. Nyongeza hiyo ina faida nyingine: SEP, au 401(k) ya mchango wa mwajiri peke yake, inaweza kufunguliwa hata baada ya mwaka kuisha, ilimradi kabla ya tarehe ya ritani pamoja na nyongeza yake. SIMPLE IRA haina huruma hiyo; mpango mpya lazima uanze kati ya Januari 1 na Oktoba 1.

Kama ulifungua mpango mwaka 2023 au 2024 na hukudai, kwa kawaida una miaka 3 tangu ulipowasilisha ritani kuirekebisha. Mwenye Schedule C hutumia 1040-X ndani ya programu ile ile ya mwaka ule. S corporation hurekebisha 1120-S, ikatoa K-1 mpya, kisha kila mwenye hisa akarekebisha ya kwake. Ushirika una utaratibu wake mgumu zaidi, na hapo ningemlipa mhasibu bila kusita. Kwa vyovyote, kurekebisha kunamaanisha pia kupunguza makato ya mwaka ule, basi faida halisi itakuwa ndogo kidogo kuliko nafuu yenyewe.

Na ukishamaliza ritani, mwenye 401(k) bado ana Fomu 5500, ripoti ya mwaka ya mpango wenyewe, ambayo kwa mpango wa mwaka wa kalenda inatakiwa Julai 31. Programu ya kodi ya mapato haiitengenezi. Iulize kampuni inayoendesha mpango wako kama wao ndio wanaoiwasilisha, na uombe jibu kwa maandishi.